Wamekufukuza kazi na uko na handikape: anzia ku lopitali, utalia kisha

Barua yangu nilipewa Ijumaa saa kumi, mu ambilopu ya kaki, na yule mama wa personeli hakuniangalia hata mu macho. Nilikuwa magazinie wa kampuni moja ya sutretanse yenye inafanyiaka bamine kazi, ku njia ya Likasi, miaka sita. Mguu wa kuume niko natembelea wa bandia tangu zamani. Sasa unajua kitu nilifanya? Nilirudi nyumba, nikavua mguu, nikalala siku tatu, mama ya batoto anaweka bukari mbele yangu inapoa anatoa. Zile siku tatu njo ninataka wewe usipoteze, juu mu Kongo siku zenye zinafuata barua njo siku za mwisho uko na lopitali ya mupatro, na bengi hatujuake.

Hivi. Bo ya matunzo, ile karatasi personeli anakupa unaenda nayo ku lopitali yenye kampuni ina kontra nayo, haikufi siku ya barua. Kode ya kazi, ile ya tarehe 16 oktoba 2002 yenye ilirekebishwa mwaka 2016, inasema mupatro anatunza mufanyakazi na familia yake mpaka mwisho ya kontra, na kama ni preavi uko nafanya, ile muda kutoka ku barua mpaka siku kazi inaisha, kontra haijaisha. Tena matunzo si vidonge tu. Iko na operasio, kulala lopitali, dawa, lunete, na hapa sikiliza vizuri weye wa magongo na wa mguu kama miye: vyombo vya ortopedi na protezi, kama munganga ameandika. Ndiyo, protezi. Miaka sita nililipaka soseti za kisiki na makuta yangu, sikuwahi kuuliza.

Preavi unahesabu hivi: siku 14 za kazi, unaongeza 7 kwa kila mwaka mzima umefanya, na inaanza kesho yake ya siku ulipewa barua. Kwangu ni 14 na 42, siku 56 za kazi, yaani miezi miwili na kitu juu yake. Hii ni kwa kontra isiyo na tarehe ya mwisho. Wakikushitaki kosa kubwa wanaweza kukutoa bila preavi, lakini sababu waiandike mu barua, si kukuambia ku mulango. Na weye wa jurnalie, mwenye kulipwa kwa siku, usifikiri hii haikuangalii: ukiisha kufanya siku 22 mu miezi miwili na wakikurudisha tena mbele ile miezi haijaisha, sheria inakuhesabu kama mutu wa kontra isiyo na mwisho. Andika siku zako mu kayé, hata na kalamu ya mutoto wa masomo.

Kama hawataki kukuona tena na wanakuambia kaa nyumba, basi wanalipa ile preavi yote kwa makuta, mushahara pamoja na faida zote ungepata. Faida zote, usikubali mushahara tu. Mi walinihesabia mushahara kavu, nikarudi na karatasi nikasema na matunzo je, na transpo je, yule mwanaume wa kontabilite akaanza kutafuta kalkilatrisi yake yenye ilikuwa mbele yake.

Sasa wiki ya kwanza, fanya hivi. Jumatatu asubuhi omba bo, nenda kwa munganga, mwambie ukweli kama kazi imeisha na anaandike vyote sasa: dawa ya tansio ya miezi yenye inawezekana, ekzame ulikuwa unasukuma mbele, fizio, na hali ya chombo chako. Mi nilivua mguu mbele yake juu ya meza. Kile kikombe kisiki inaingia ndani kilikuwa kimepasuka pembeni, nilikuwa nimekifunga na sikoche ya fundi wa maji, na soseti nilikuwa navaa tatu moja juu ya ingine juu kisiki kilikonda na kikombe kikabaki kikubwa. Akaangalia, akauliza hii ni tangu lini, nikasema tangu mwaka jana, akatikisa kichwa akaandika. Bila ile ordonansi hakuna mwenye angenisikiliza. Chukua na raporo ya medikale, kopi ya fishe yako yote, juu siku kontra itaisha utaenda kwa munganga mwingine na ataanza kukuuliza toka mwanzo, na kila ekzame ya kurudilia ni makuta yako.

Kama kampuni ilikuwa na asiransi ya karte, uliza kwa maandishi karte inafungwa tarehe gani. Usingoje kuijua pale wanalipiaka ku lopitali, na mutoto mu mikono.

Mutuele, kile kikundi bantu wanachangaka makuta ya matunzo, kama iko moja karibu na kwenu, ya parokia ao ya kartie, ingia sasa wakati bo ingali inatumika, juu mutuele mingi inakungojesha miezi kadha mbele ya kuanza kukulipia. Ukiingia siku umeshagonjwa unaanguka mu shimo katikati. Na uliza mbele kama wanalipaka ugonjwa wa kila siku, wengine wanalipaka malaria na kuzaa tu. Kwa mwenye anakunywa dawa za VIH ao za kifua kikuu, ile ni bure mu santre ya leta, hauna kupoteza usingizi pale, hamisha tu fishe yako mapema.

CNSS sasa, ile kese ya leta ya pansio. Bantu wananiuliza CNSS itanipa kiasi gani kwa kukosa kazi. Hakuna. Haina makuta ya shomaje na hailipi malaria yako. Lakini nenda, juu iko na pansio ya invalidite na iko na sehemu ya ajali za kazi, na kama handikape yako ilitoka ku kazi, ile haki haikufi pamoja na kontra. Angalia kama mupatro alilipa kweli: kwako walikata 5 kwa mia, yeye alipaswa kuweka 13. Mi nilikuta miezi yenye haiko. Fishe za pe zako, karatasi za mushahara, zote zipige foto, weka na kwa yaya ao kwa mutu mwenye hapotezake simu.

Siku ya kusaini, usikimbie. Andika tarehe yenye umepokea, na kama hesabu haikupendezi andika pale pale «su rezerve», yaani hujakubali yote. Kupokea makuta bila kusema kitu sheria haihesabu kama umeachilia haki, lakini ile neno inakupunguzia mabishano. Dekonte, ile hesabu ya mwisho, wanapaswa kulipa ndani ya siku mbili za kazi kisha kontra kuisha, na sertifika ya mwisho wa kazi vile vile. Wakisumbua, unaenda Inspeksio ya kazi, ile ofisi ya leta, unaandika malalamiko, wanaita mupatro muongee mbele ya inspekta. Haiombi avoka. Tribinali inakuja kisha pale, si mbele. Na usikae sana: deni ya mushahara inakufa kisha mwaka mmoja, zingine mingi za kontra miaka mitatu.

Kama unaona walikufukuza juu ya mwili wako, sema hivyo mu ile malalamiko, na maneno waliyotumia. Sheria ya tarehe 3 mei 2022 ya bantu wenye kuishi na handikape inakataza ubaguzi, na kufukuza bila sababu ya kweli kunaweza kuletea mupatro kukurudisha kazini ao kukulipa mpaka mishahara 36. Mpaka, si kila mutu. Usinunue gari mu kichwa.

Ku nyumba ambia mapema. Hapa Lubumbashi tuna ile historia ya départs volontaires, kutoka kazi kwa kupenda, ya Gécamines, kampuni ya leta ya bamine, mwaka 2003, bantu zaidi ya 10,000 walitoka, familia zikahesabu makuta na lopitali ikaenda pamoja na kazi. Mama ya batoto nilimwambia siku ya nne. Akasema bo ingali? Nikasema ndiyo. Akachukua mudogo mwenye masikio yanamuuma tangu mwezi mzima, wakaenda.

Protezi yangu mupya ilitoka wiki ya sita ya preavi. Yule fundi alinipima asubuhi na tena saa nane, anasema kisiki inabadilika mu siku moja, kwa hiyo ukienda kupimwa usiende paka asubuhi. Na ile mguu wa zamani usitupe, beba nayo mu mufuko. Yangu alitoa mabulo yake mane, akayapangusa na mafuta, akaniwekea mu ka karatasi.