Kope zimemlalia mzazi wako machoni? Fuata hivi mpaka upasuaji na baada yake

Mama yangu alianza kuinua kidevu. Ndo kitu cha kwanza nilichokiona, yaani akiongea na mtu kichwa kinaenda nyuma kama anamwangalia kwa juu, mpaka majirani wakaanza kusema bibi siku hizi anaringa. Alafu akitaka kusoma meseji anashika kope ya kushoto kwa kidole anaipandisha, na ikifika jioni paji la uso linamuuma. Tukaenda sehemu moja tukaambiwa ni uzee tu huo, tukapewa miwani, miezi saba ikakatika na miwani haikusaidia chochote, kwa sababu ndani ya jicho hakukuwa na tatizo, kope ndo ilikuwa imeshuka ikaziba mboni. Naandika haya ili mwenye mzazi wa namna hiyo asipoteze miezi saba kama sisi. (Na nikisema kope hapa namaanisha ule ufuniko wa jicho, sio zile nywele.)

Kwanza jueni kipi kimelegea

Hapa msiparuke, maana operesheni yote inategemea hapa. Mkalishe mzee karibu na dirisha mchana, mwambie aangalie mbele moja kwa moja, alafu wewe weka dole gumba juu ya nyusi zake ukandamize taratibu. Kwanini? Kwa sababu wazee wanainua kope kwa kukunja paji la uso bila wao wenyewe kujua, ndo maana linauma jioni. Ukizuia hapo utaona kope ilipo kweli. Mpige picha kwa flashi simu ikiwa usawa wa macho yake, utaona kidoti cha mwanga katikati ya mboni. Toka kwenye hicho kidoti mpaka ukingo wa kope ya juu kawaida ni milimita 4 mpaka 5, ikibaki 2 au chini ya hapo basi kope imeshuka.

Sasa inua ngozi iliyozidi kidogo kwa kidole. Kama ukingo wenyewe wenye nywele upo mahali pake na kinachoning'inia ni ngozi tu imekunjana juu yake, hiyo ni shida ya ngozi, na dawa yake ni kupunguza ngozi. Ila kama ukingo wenyewe uko chini basi tatizo liko ndani zaidi. Kuna msuli unaoinua kope, na kwa watu wazima mara nyingi msuli huo bado una nguvu zake, ila kano inayoushikanisha na kope imevutika au imebanduka, kama kamba ya pazia iliyolegea wakati mkono unaovuta ni mzima. Utaijua pia kwa ule mkunjo wa kope, unapanda juu sana na kope inaonekana nyembamba. Inawatokea sana wazee, na waliowahi kufanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho, waliovaa lenzi za kubandika miaka mingi na wenye tabia ya kufikicha macho nao wamo.

Na wengine nyusi ndo zimeteremka zikaisukuma ngozi chini, huyo ukimkata ngozi ya kope tu nyusi zinazidi kushuka. Mama yangu alikuwa na ngozi na kano vyote viwili, kwahiyo angepunguzwa ngozi peke yake tungerudi nyumbani na kope ileile.

Dalili ambazo sio za uzee

Hapa naomba usome taratibu. Kope ikishuka ghafla, ndani ya masaa au siku chache, na mtu anaona vitu viwiliviwili, au kichwa kinamuuma sana, au mboni ya jicho hilo imekuwa kubwa kuliko mwenzake, usisubiri kesho, nenda hospitali kubwa saa hiyohiyo, inawezekana mshipa wa damu kwenye ubongo umevimba unakandamiza neva. Mboni ikiwa ndogo kuliko mwenzake na shingo inauma, hiyo nayo ni ya kukimbiza. Na kama asubuhi kope iko vizuri ila ikifika jioni imelala, na saa ingine sauti inafifia au chakula hakishuki vizuri, hiyo inaweza kuwa ugonjwa wa neva na misuli ambao unatibiwa kwa dawa. Daktari anaweza kuweka barafu juu ya kope dakika 2 tu, ikipanda anapata fununu.

Na tafadhali, maji ya majani machoni hapana. Kope haipandi kwa majani, na kioo cha jicho kikiungua ndo imetoka hiyo.

Uende kwa nani

Duka la miwani halitoshi, mtafute daktari bingwa wa macho, na ukipata anayefanya kope mara kwa mara ni bora zaidi. Tanzania kuna idara za macho Muhimbili, CCBRT na KCMC Moshi, Kenya kuna Kikuyu na Kenyatta, ukifika uliza moja kwa moja nani hapa anafanya kope. Kwenye faili wataandika tosisi kama kope yenyewe imeshuka, na operesheni ya ngozi wanaiita blefaroplasti.

Daktari mzuri utamjua kwa rula. Atakandamiza nyusi, atamwambia mzee aangalie chini kabisa alafu juu kabisa, apime kope imetembea milimita ngapi, ikifika 12 au zaidi msuli ni mzima. Atapima machozi kwa kikaratasi kinachokaa ukingoni mwa kope ya chini dakika 5, na ataangalia mzee akifumba macho je yanafumba yote. Jicho kavu likiachwa wazi usiku baada ya operesheni linaumia vibaya, kwahiyo asiyepima machozi mimi nisingempa kope za mama yangu. Wengine wanaweka tone la fenilefrini, kope ikipanda kidogo basi inawezekana kufanya kwa upande wa ndani bila kovu nje.

Omba pia kipimo cha upana wa kuona, kifanywe mara mbili, kope ikiwa ilivyo na kope ikiwa imebandikwa juu kwa plasta, na uchukue karatasi zake. Bima nyingi hazilipii urembo ila kope inayoziba mboni ni habari nyingine, na hiyo karatasi ndo ushahidi wako. Beba na picha ya zamani, sisi tulibeba kitambulisho chake cha kazi cha ujana, daktari akakiangalia muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

Kuna mtu ataniuliza kuhusu matone, ni kweli Marekani waliruhusu matone ya oksimetazolini mwaka 2020, yanainua kope kwa masaa kadhaa alafu inarudi. Kano haitengenezwi na tone.

Maandalizi

Taja dawa zote anazomeza, hasa aspirini, klopidogreli na warfarini kwa sababu zinafanya damu isigande haraka. Lakini usimwachishe wewe! Mwenye historia ya moyo au kiharusi akiachishwa kienyeji anaweza kupata kubwa kuliko kope, hilo waamue daktari wa macho na wa moyo. Presha na sukari ziwe zimetulia. Siku hiyo asipake wanja wala mafuta usoni, na awepo mtu wa kumrudisha nyumbani.

Siku yenyewe

Niliruhusiwa kukaa wakati anachorwa. Daktari alimchora mama akiwa amekaa, sio amelala, maana ukilala ngozi inakimbilia pembeni. Akabana ngozi iliyozidi kwa koleo dogo, anabana kidogo, anaachia, anabana tena, mpaka akaona nywele za kope zinaanza kunyanyuka, hapo akasimama akarudi nyuma kidogo. Kisha akaweka rula toka chini ya nyusi mpaka kwenye nywele za kope akahakikisha zinabaki milimita 20. Nikamuuliza mbona haondoi zaidi akanijibu, ngozi ukiiacha unaweza kuja kuikata, ukishaikata huwezi kuirudisha. Hilo jibu ndo lilinipa usingizi ule usiku.

Wengi wanaogopa wakisikia ni ganzi tu, wanataka walazwe usingizi kabisa. Kwa kope ya kano msiombe hivyo bila sababu, kwa sababu daktari akishashona kano anamwambia mgonjwa fungua macho, angalia juu, saa ingine anamkalisha, anaona kope imekaa wapi, anakaza au analegeza uzi. Aliyelala usingizi mzito hawezi kufungua macho. Sindano ya ganzi inachoma kweli kwa sekunde chache, baada ya hapo mama alisema anasikia kuvutwa tu.

Kingine, ubongo unatuma amri moja kwa kope zote mbili, kwahiyo ukiinua moja, ya pili inaweza kushuka. Mwambie daktari alijaribu hilo kabla, asije akafanya moja mkashangaa nyingine.

Nyumbani

Siku 2 za kwanza ni baridi: kitambaa safi chenye maji ya baridi dakika 10 hivi, unapumzisha, unarudia, barafu isiguse ngozi moja kwa moja. Alale kichwa kikiwa juu, mito miwili au mitatu. Uso utavimba na kuwa wa zambarau wiki 1 mpaka 2, wajukuu waambiwe mapema wasiogope. Dawa ya mafuta apakwe kama alivyoandikiwa, na matone ya machozi ya dukani yawe karibu. Asiiname wala kunyanyua ndoo, na kwa anayeswali, wiki ya kwanza akae kwenye kiti, kusujudu kunapeleka damu usoni. Jikoni kwenye moshi wa mkaa asikae. Nyuzi zisizoyeyuka zinatolewa baada ya siku 5 mpaka 7 hivi, wanja usubiri mpaka daktari aruhusu.

Maumivu ya kawaida yanatulia kwa parasetamo. Ila jicho likianza kuuma sana, likatokeza mbele, likawa gumu au akasema haoni vizuri, hiyo ni damu inayovujia nyuma ya jicho, mnaondoka muda huohuo hata kama ni saa nane usiku. Dakika zinahesabika hapo.

Usihukumu umbo kabla ya miezi 3. Wiki ya pili kope moja ilikuwa imevimba kuliko nyingine na mama alilia kabisa, akidhani wamemharibu. Ilitulia yenyewe. Kama baada ya muda huo bado tofauti ni kubwa, au jicho halifumbi, kurekebisha kunawezekana na sio jambo geni kwa madaktari wa kope.

Ya kushoto ya mama imebaki chini kidogo, kama milimita 1. Daktari akamuuliza unataka niirekebishe, akasema hapana mwanangu, kibao cha daladala nakisoma toka mbali na kidevu kimeshuka.