Kufufua mtaa unaofurika: anzeni na mtaro, na mchimbe kutoka chini

Mtaa ukishazoea mafuriko, watu hukata tamaa nao. Mwenye nyumba hapaki rangi, mama lishe anahamisha meza yake. Ndiyo maana hapa Dar es Salaam, nikiitwa kusaidia kufufua mtaa, natanguliza maji. Miti na rangi vitafuata.

Hatua ya 1: Pigeni hodi. Nendeni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mtendaji na wajumbe. Kisha wafuateni wapangaji vyumbani mwao. Nyumba ya vyumba sita inaweza kuwa na familia sita, na mwenye nyumba anaishi kwingine. Akija mkutanoni peke yake, wanaokesha wakichota maji kwa ndoo hawajasikika.

Hatua ya 2: Tembeeni siku ya mvua. Bebeni chaki na futi kamba. Kwenye mtaa mmoja nilimwamkia bibi, nikamuuliza maji yalifika wapi. Hakunijibu. Aliingia ndani, akasogeza kabati, akanionyesha mstari wa tope ukutani, juu kidogo ya goti langu. "Hapo, mwanangu. Wajukuu niliwapandisha mezani." Pimeni kila mstari wa namna hiyo, mwandike nyumba na mwaka.

Hatua ya 3: Choreni ramani. Fimbo na mchanga vinatosha: mkaa uwe vyoo, vizibo viwe mabomba. Kisha ilinganisheni na OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo ni bure. Kupitia mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015, wanafunzi wa vyuo na wakazi waliingiza humo kata nyingi za Dar zinazofurika. Mfereji ulioko kwenye ramani na haupo mtaani huenda umejengewa juu. Uulizieni kwa upole, maana kuna mtu anaishi hapo.

Hatua ya 4: Pimeni mteremko. Msikadirie kwa macho. Tafuteni mpira mwembamba unaoonyesha ndani, mjaze maji, mtoe mapovu yote. Watu wawili washike ncha, kila mmoja kwenye kigingi chake. Maji yakitulia, usawa wake ni mmoja pande zote mbili, hata kama ardhi imepinda vipi. Wekeni alama hapo, kisha pimeni kutoka alama kwenda chini. Nalenga sakafu ya mtaro ishuke sentimita 1 kwa kila mita, yaani sentimita 20 kwa mita 20. Ikiwa tambarare, mchanga utatuama na mtaro utaziba.

Hatua ya 5: Chimbeni kuanzia chini, maji yanakomwagikia. Mtaa wangu wa kwanza tulianzia juu, kwa sababu ndiko walikokuwa na ari. Mvua ikaja kabla hatujamaliza, na majirani wa chini wakapata maji kuliko miaka yote. Walikuwa na haki ya kutukasirikia. Siku hizi sishiki jembe kabla manispaa haijatukubalia pa kumwaga maji, na watu wa chini hawajaafiki.

Hatua ya 6: Lipeni kazi. Msaragambo wa Jumamosi moja unafaa. Wiki tatu za kuchimba ni jambo jingine: anayeishi kwa kibarua akija kwenu, nyumbani hakupikwi. Kule Hanna Nassif, Kinondoni, miaka ya 1990, wakazi walichimba mitaro ya mtaa wao kwa malipo, na naamini ndivyo inavyopaswa kuwa. Hesabu na risiti zibandikwe dukani kila mtu azione.

Hatua ya 7: Gawaneni mtaro kabla zege halijakauka. Kila nyumba ipewe kipande chake, namba iandikwe ukingoni. Vifuniko viwe vidogo, watu wawili waweze kuviinua. Kifuniko kizito hakifunguliwi, na chini yake taka zinajaa bila mtu kujua.

Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, rudini na chaki kwenye zile nyumba mlizopima. Mimi huanza na ile yenye kabati.