Jinsi ya kukusanya na kutumia tena chupa za mvinyo kwa kushirikiana na wapinzani wako

Tuko wasindikaji wadogo wanne wa mvinyo hapa Dodoma, tunagombea wateja walewale, lakini chupa tunaosha kwenye karo moja. Nilidhani kazi itakuwa kuaminiana. Kumbe kazi ni gundi ya lebo.

1. Chagueni chupa moja. Mililita 750, rangi moja, mdomo wa kizibo au wa skrubu, msichanganye. Yenye nembo ya kampuni kwenye kioo iacheni, ina mwenyewe. Na kikaoni zungumzeni chupa tu: Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza washindani kupanga bei ya mvinyo.

2. Kusanyeni. Baa, hoteli, kumbi za harusi. Lipa papo hapo.

3. Nusa kabla ya maji. Mafuta ya taa, toa. Chupa usiyojua ilibeba nini, toa pia. Dawa ya shamba si lazima inuke.

4. Lebo. Hapa nilipoteza Jumamosi nzima. Ilikuwa Julai, chupa zimelala nje kwenye ule upepo wetu, nikamimina maji yanayochemka. Pa! Pa! Krete nzima. Anza na maji ya uvuguvugu, ongeza moto taratibu.

Tia magadi, yale ya kulainishia maharage, loweka usiku kucha. Kuna wanaosifia kostiki soda. Mimi siitaki, inababua mikono. Lebo ya gundi ya maji utaikuta asubuhi inaelea yenyewe. Ya stika ndiyo balaa: karatasi inatoka, gundi inabaki inanata kama ulimbo. Usikwangue kwa stili waya, mikwaruzo inadhoofisha kioo. Paka mafuta ya alizeti, subiri nusu saa, futa kwa kitambaa kikavu, kisha sabuni. Ziba mdomo kwanza, mafuta yasiingie ndani.

Afadhali wote mhamie gundi ya maji. Mwenzetu mmoja alishikilia stika zake hadi zamu yake ya kuosha ilipofika.

5. Suuza, kagua. Pitisha kidole chenye glavu mdomoni, palipomeguka, tupa. Suuza kwa salfaiti, ile dawa ya kuzuia vijidudu kwenye mvinyo, si klorini, kwani klorini ikikutana na kizibo mvinyo hunuka ukungu. Pindua zichuje.

6. Gawaneni. Chupa kwa kadiri ya zamu ulizoosha. Sisi tunaandika kwenye daftari la kaunta, limefungwa kamba mlangoni, maana kalamu ya kwanza ilipotea siku hiyohiyo.