Gari ya dizeli ikikata nguvu ghafla, anza hapa

Jamani gari ya dizeli, iwe Prado au kanta, ikikukatia nguvu ghafla pale unapopanda kutoka bandarini Mkoani, Pemba, na mzigo, usikubali haraka kuambiwa nozeli (zile zinazopuliza dizeli ndani ya injini) zimekufa. Weka pembeni, piga resi kidogo mtu atazame moshi nyuma.

Moshi mweusi mzito maana yake dizeli ipo ila hewa haitoshi, kwahiyo angalia eya klina (chujio la hewa) kwanza, halafu sikiliza hozi kubwa za tabo (ile inayosukuma hewa kwenye injini), ukisikia fyuuu kila ukipiga resi basi hozi imepasuka au klipu imelegea, zima injini ndo uikague.

Kama moshi hamna na gari inakwamakwama, hiyo njaa ya mafuta. Hapa nasisitiza sana: zima, chini ya filta ya dizeli nyingi zina kikoki kidogo, kilegeze ukinge kwa chupa tupu ya maji inayoonesha ndani, iache itulie. Maji yanakaa chini dizeli juu, mstari utauona kabisa. Yangu ilitoa maji robo chupa na uchafu mweusi kama majani ya chai, na fundi alishataka tushushe pampu nzima wallahi! Nikabadili filta, nikabonyeza ile pampu ya mkono juu yake mpaka ikawa ngumu, ikawaka na mlima ikapanda.

Taa ya injini ikiwaka na resi haivuki kiwango, kompyuta ya gari imejifunga hiyo, imepunguza nguvu kulinda injini, tafuta fundi mwenye mashine ya kuisoma hitilafu. Na mshale wa joto ukipanda zima hapohapo, nakuomba.