Kuwasha pikipiki ya zamani ya Honda CG125 baada ya kufunga injini upya

Ukishamaliza kufunga injini usikimbilie kuwasha, najua mzuka unakupanda lakini tulia. Anza na oili, kama lita moja hivi, ile ya pikipiki sio ya gari, klachi itakuja kuteleza bure. Chomoa plagi, zima swichi, legeza kifuniko cha tapeti (vile vidude vya kusukuma valvu, juu ya injini) upige kiki taratibu mara 30 mpaka uone oili imepanda juu, kama bado pakavu usiendelee, mimi nilidharau hatua hii huku Ngamiani, Tanga, nikakwaruza silinda niliyotoka kuichonga juzi tu, hela ya mwezi mzima hiyo. Nafasi ya tapeti iwe 0.08 mm, injini ikiwa ya baridi. Tangi lioshe, huku Tanga unyevu wa bahari unakula bati kimyakimya, kutu ikishuka kwenye kabureta utalia. Cheki moto wa plagi kabla hujatia petroli. Haya, choki, kiki! Ikiwaka usiivutie moto kama boda anawahi abiria Chumbageni, wala usiiache ikiunguruma yenyewe (sailensa) muda mrefu imesimama maana inapozwa na upepo tu, ikifika dakika tatu izime, ipoe, angalia gasketi zinazovuja. Oili ya kwanza imwage mapema, utaikuta inametameta vumbi la chuma, usishtuke.