Namna ya kupekua senta ya batoto na imbwa bila kubaumiza, hatua ku hatua

Niko nafanya kazi na imbwa ya kunusa hapa Goma tangu miaka tisa, na mara ingine senta yenye kulinda batoto ya barabara inaniita juu wanasema bangi ao kole (gundi yenye batoto banavuta) imeingia mu malalo. Hii naandikia ba edukateri, ni kusema benye kulea batoto mu senta, na wenzangu benye kushika kamba ya imbwa.

1. Karatasi mbele ya imbwa. Direkta aandike aliambiwa nini, lini, chumba gani, na atie sinyatire. "Hawa batoto banavuta" haitoshi. Sheria yetu ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 inalinda kila mutu mwenye hajafikisha miaka 18, na Mkataba wa Haki za Mtoto, ku artikle 16, inakataza kuingilia maisha ya mutoto ovyo ovyo. Bila karatasi mie sishushe imbwa ku gari.

2. Ongea na batoto, mu Kiswahili yao. Wengi imbwa wanayoijua ni ile ya sentinele yenye iliwafukuza usiku wakilala ku baraza ya duka, kwa hiyo wakiisikia tu ku mlango wanaruka dirisha. Waambie jina ya imbwa, itapita wapi, itakaa dakika ngapi. Mwenye asma asogezwe mbali, na batoto Baislamu batoe kwanza nguo na mkeka ya kusali juu mate ya imbwa inawapa shida ya swala. Ikuwe na chanjo ya kichaa cha mbwa, karatasi yake utembee nayo.

3. Hii njo kubwa kuliko zote: imbwa inanusa vitu, hainusi mutoto. Usipange batoto ku laini eti imbwa ipite mbele ya magoti yao, ata kama direkta anakuomba, ata kama ni haraka. Wote batoke, bakae ku kiwanja na edukateri mwenye wanazoea, njo imbwa iingie, kamba mkononi, ipite ku matela, ku sakoshi, nyuma ya mbao za ukuta. Tumia imbwa yenye ikipata harufu inakaa chini na kunyamaza. Ile ya kubweka na kukwaruza haina nafasi mu senta. Mu nyumba ya mabati saa sita joto inaichokesha haraka, mie kisha dakika 20 naipa maji na kivuli.

4. Imbwa ikikaa, tulia. Imeambia weye kuna harufu, haijasema kitu ni ya nani, na harufu inabakia ata kama kitu ilishatoka. Tena imbwa inakusoma weye: mu 2011 batafiti ba chuo kikuu cha California kule Davis walipeleka imbwa 18 na benye kuzishika mahali hakukuwa dawa ya kulevya ata kidogo, wakadanganya benye kuzishika kama kuna alama yenye kuonyesha harufu, na hao wakasema imbwa zimeonyesha mara mingi sana. Ndiyo maana sitaki kuambiwa kitanda ya nani ni ipi.

Niliona senta moja, imbwa ilikaa mbele ya jaketi, na kabla sijafungua mdomo mulinzi alishaita kijana mwizi mbele ya wenzake. Jaketi alipewa na kaka yake mwenye anavuta. Mifuko ilikuwa mitupu. Ile usiku alitoroka, na tulimutafuta siku tatu mpaka tukamupata ku kartye ya Birere, hakutaka tena kuongea na mie.

5. Kufungua sakoshi ni kazi ya edukateri, pembeni, na mutoto mwenyewe akiwa pale, binti na edukateri mwanamuke. Hakuna kuvua nguo juu imbwa ilikaa.

6. Rapore siku ileile: saa, vyumba, imbwa ilikaa wapi, kilichopatikana, ata kama ni bure. Acha mistari mitatu mwisho mutoto aseme yake. Kama hajui kuandika, edukateri aandike vile vile alivyosema, kisha amusomee.