Waziri Mkuu akijiuzulu: jinsi ya kufuatilia uundaji wa serikali

Nafundisha Uraia hapa Moshi, na swali hili huwa naulizwa hata sokoni Mbuyuni nikinunua ndizi. Usianze na redio. Anza na Katiba ya Tanzania, ibara ya 57: Waziri Mkuu akijiuzulu, viti vya mawaziri na manaibu wote huwa wazi, hata vya wale wasio na kosa. Rais hatikisiki, na wala uchaguzi mkuu hauitishwi.

Halafu fungua ibara ya 51 ulipime jina analolitoa Rais. Je, ni mbunge wa kuchaguliwa jimboni? Wa viti maalumu hafai, wa kuteuliwa na Rais pia hafai. Anatoka chama chenye wabunge wengi zaidi? Haya, sasa ngoja wabunge kule Dodoma wapige kura. Hapa ndipo wengi wanapokosea: jina likitajwa tu, pongezi zinamiminika. Bila azimio la Bunge mtu huyo hashiki madaraka! Akishathibitishwa anaapa, kisha Rais anashauriana naye na kuteua mawaziri miongoni mwa wabunge.

Wanafunzi nawapa mfano wa Februari 2008. Edward Lowassa, mbunge wa Monduli, alijiuzulu tarehe 7 kwa sakata la mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond. Kesho yake Bunge likamthibitisha Mizengo Pinda, tarehe 9 akaapishwa, na tarehe 12 Rais Kikwete akatangaza baraza jipya. Kwenye mtihani, andika hatua kwa mfuatano huo na utaje ibara.